Jengo la Kanisa Likianguka: Mwongozo wa Kuutunza Usharika Mpaka Mjenge Tena

Mvua za masika huku Kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Ndani ya miezi hiyo ndipo utasikia upepo umeezua paa la kanisa fulani, au ukuta wa matofali mabichi umelowa tangu msingini ukalala usiku. Wengine hupoteza jengo kwa moto, wengine kwa alama ya X iliyopigwa ukutani kwa sababu ya barabara. Chanzo hutofautiana, ila kinachofuata hufanana. Jumapili mbili tatu za kwanza watu hufurika kwa huruma, kisha wanaanza kupungua. Mama aliyezoea kukaa benchi la nyuma haonekani tena. Watoto wa Shule ya Jumapili wamebaki nyumbani. Kwaya imesimamisha mazoezi "mpaka tujenge". Mwaka ukitimia, mna kamati ya ujenzi yenye mihuri na usharika uliolala.

Nawaandikia wazee wa kanisa, makatekista, wainjilisti, viongozi wa jumuiya na kina mama wa vikundi vya Mtwara na Lindi, wa madhehebu yote. Ninachoamini ni hiki: mwaka wa kwanza, kazi kubwa ya viongozi ni kuhakikisha watu wanaulizana habari. Ujenzi uje nyuma ya hilo. Usharika ambao watu wake wanajua nani amelazwa hospitali ya wilaya na nani hana chakula utajenga, hata ukichelewa.

Na huku kwetu jambo hili lina historia ndefu. Masasi, mahali ambapo Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alileta watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882, na mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa chifu Matola. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, misheni za Wabenediktini (watawa Wakatoliki) za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ndanda, ambayo leo kila mtu wa mikoa hii miwili anaijua kwa abasia na hospitali yake. Kati ya jengo lililoteketea na lile lililofuata walikuwepo watu waliohitaji kuzikwa, kubatizwa na kufarijiwa. Kipindi hicho cha katikati ndicho ninachokizungumzia.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza, okoeni vitabu kabla ya bati

Mtu asiingie ndani mpaka fundi apaone. Ukuta uliobaki umesimama peke yake baada ya mvua ni wa kuogopwa kuliko ule ulioanguka. Zungushieni kamba na wekeni watu wazima wawili wa kuwazuia watoto, maana watoto ndio wa kwanza kwenda kuchungulia. Umeme ukatwe, na TANESCO wapigiwe simu. Kabla hamjasogeza kitu, pigeni picha kwa simu kutoka pembe zote nne, kisha za ndani kwa kadiri inavyowezekana.

Taarifa ya maandishi iende siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri. Kama ni moto, fikeni polisi mkafungue taarifa, kwa kuwa dayosisi na mashirika mtakayoyaomba msaada baadaye wataiuliza karatasi hiyo. Mchungaji, paroko au kasisi aambiwe kabla hajasikia mitaani. Kwa Wakatoliki na Waanglikana, kama kuna Ekaristi au Sakramenti iliyohifadhiwa ndani, katekista asubiri maelekezo ya padre kuhusu nani aiondoe na ipelekwe wapi.

Vitu vya kutolewa kwanza ni vitabu: rejista za ubatizo, kipaimara na ndoa, kitabu cha vyeti vya ndoa vya serikali, daftari la washarika, vitabu vya fedha, na karatasi yoyote ya kiwanja. Mabenchi yatachongwa tena. Jina la mtoto aliyebatizwa zamani, na anayelihitaji leo ili afunge ndoa, halichongeki.

Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Kurasa zitajikunja, wino utafifia, na jalada litapasuka. Kisimamisheni wima chumbani penye hewa, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, na baada ya kurasa chache pachikeni karatasi nyeupe kavu ya kunyonya maji. Msitumie gazeti, wino wake huhamia. Badilisheni karatasi hizo kila zinapolowa. Kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa kucha. Ziacheni zikauke ziachane zenyewe. Zikishakauka, kijana mwenye simu nzuri apige picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala iende ofisi ya dayosisi au ya jimbo.

Bati, mbao, milango na madirisha vihesabiwe na kuandikwa mbele ya mashahidi watatu, kisha vihifadhiwe kwa kaya mbili au tatu zilizotia sahihi. Bati lenye matundu ya misumari bado lina kazi, mtaiona kwenye hatua ya banda. Kengele itunzwe mahali pa kuaminika. Kama imepasuka, ning'inizeni rimu ya gari mtini na chuma cha kugongea. Sauti ya Jumapili asubuhi isikatike hata wiki moja.

Hatua ya 2: Jumapili ya kwanza, saa ileile

Kama ibada ilikuwa saa 1:30 asubuhi, iwe saa 1:30. Kama kiwanja ni salama, ifanyike hapohapo chini ya mti, mbali na ukuta. Watu watakuja na kilio, na hilo lipewe nafasi: zaburi ya maombolezo isomwe, wazee walioshiriki kujenga wapewe muda wa kusimama na kusema. Hotuba ya ujenzi isitolewe siku hiyo. Nimeona viongozi wakipitisha karatasi ya ahadi Jumapili ya kwanza wakidhani wanawahi moto wa watu. Waliobanwa na hali wakajiona hawana cha kuleta, na Jumapili ya pili wakabaki nyumbani.

Matangazo yawe machache: Jumapili ijayo tunakutana wapi, nani atapita nyumbani kwako wiki hii, na kimetokea nini. Hili la mwisho lisipuuzwe. Jengo likianguka bila maelezo, maelezo yatatungwa, na huku kwetu hayachelewi kumfikia bibi fulani anayeishi peke yake jirani na kanisa, kwamba ndiye aliyelitazama vibaya. Fundi aeleze mbele ya watu wote alichokiona: mfereji uliziba, maji yakakusanyika msingini, au kenchi zilikaa juu ya ukuta bila kufungwa. Aseme palepale, kwa mdomo wake. Mzee wa kanisa akisikia mtu akitajwa kwa jina katika habari za namna hiyo, aende kwa msemaji siku hiyohiyo, na aende pia kumwona aliyetajwa. Mtu anaweza kudhurika kwa uvumi wa wiki moja.

Hatua ya 3: Pitieni kaya kwa kaya na daftari

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Ndani ya wiki mbili, kila kaya ya usharika iwe imefikiwa na watu wawili, ikiwezekana mama na mzee. Msitumie orodha ya michango, kwa kuwa wasiochanga hawamo. Anzieni rejista ya ubatizo na kumbukumbu za kina mama, wao wanazijua nyumba.

Daftari la kawaida la kaunta linatosha. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Bibi mjane, nyuma ya ghala la chama cha msingi. Anaishi na wajukuu wawili, wa darasa la nne na la pili. Miguu imevimba, hafiki shuleni tunakosalia. Apelekewe Meza ya Bwana nyumbani Jumapili ya pili ya mwezi. Wajukuu wapitiwe na binti wa jirani. Aliulizwa anahitaji nini, akasema: mtu wa kumsomea Neno."

Andikeni mgonjwa, mjamzito, mzee asiyetembea, mtoto anayesubiri ubatizo au kipaimara, na nyumba yenye upungufu wa chakula. Kisha andikeni jina la mtu mmoja atakayerudi pale. "Kamati itashughulikia" ni sawa na kusema hakuna atakayeshughulikia.

Mtakuta nyumba zimefungwa. Msiwahesabu kuwa wameacha kanisa. Msimu wa kilimo familia nyingi za Lindi na Mtwara huhamia shambani, wanakaa kwenye vibanda wakilinda mahindi na mihogo dhidi ya nguruwe pori na nyani. Ulizeni shamba liko upande gani, mwandikeni, na mtafuteni mtu wa huko. Vibanda vitano vya bonde moja vinaweza kuwa jumuiya yenye sala ya jioni mpaka mavuno, na mwinjilisti akapanda baiskeli kuwafikia mara moja kwa mwezi. Hawa hupotea kirahisi, kwa sababu wakirudi kijijini hawajui kanisa limehamia wapi.

Hatua ya 4: Chagueni mahali kwa kutazama msimu

Mti ni chaguo la kwanza la wengi, na ni zuri mkiujua mti wenyewe. Mkorosho una kivuli kizito na matawi ya chini yanayowakusanya watu, lakini una mambo yake. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga. Vumbi lile huwasha macho na kubana kifua, hasa watoto na wenye pumu, hivyo ulizeni mwenye shamba na majirani zake wanapuliza siku gani. Ikifika Oktoba korosho zinaanguka, na hakuna mkulima anayefurahia kuona watu mia wakikanyaga mali yake na mabibo yakitapakaa. Tazameni juu pia: kama kuna viota vya majani vya maji moto, wale chungu wakali wa mtini, ibada haitafika mahubiri. Mkwaju au mwembe mkubwa wa kijiji huwa salama zaidi, isipokuwa mwembe wakati wa maembe kuiva. Kwa ibada ya asubuhi kivuli huangukia magharibi ya mti, wapangeni watu huko, mkeka wa wazee ukiwa karibu na shina. Kusi linapovuma, katikati ya mwaka, mhubiri asimame upepo ukitoka mgongoni kwake ili sauti iwafikie watu.

Masika mti hautoshi. Hapo ombeni darasa. Shule ya kijiji huombwa kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa barua, hata kama mwalimu mkuu ni msharika wenu. Iandikeni kwa namna hii:

"Usharika wetu umepoteza jengo lake kwa mvua. Tunaomba kutumia madarasa mawili ya upande wa kaskazini kila Jumapili, saa 1:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kwa muda wa miezi sita. Tutarudisha madawati yalivyokuwa, tutafagia, na tutalipia kitakachoharibika. Shule ikiwa na mitihani hatutatumia madarasa. Ufunguo utakuwa kwa mzee mmoja tu, ambaye ametia sahihi hapa chini. Nakala: Mtendaji wa Kijiji."

Sentensi ya mitihani ina uzito. Inamwonyesha mwalimu kwamba mnaiheshimu kazi yake. Michoro ya ubaoni msiifute. Na kama wazazi wa Kiislamu wana neno kuhusu shule ya serikali kutumiwa kwa ibada, waitwe wazungumze na kamati kabla ya Jumapili ya kwanza, siyo baada.

Kwa jumla majirani Waislamu, ambao katika vijiji na miji mingi ya pwani yetu ndio wengi, ni watu wa kuwashirikisha mapema. Imamu na wazee wa msikiti wapelekewe taarifa kwa heshima: tumehamia hapa, spika zetu zitaelekea huku, mazoezi ya kwaya jioni yatasimama wakati wa adhana na yatakuwa mafupi Ramadhani. Mara nyingi watakaokuja kwanza kusaidia kuondoa kifusi ni haohao.

Kuna pia njia ya kuazima jengo la madhehebu mengine kwa saa za mchana. Linafaa kwa muda mfupi, lakini ulizeni wakubwa wenu wa kanisa kwanza, na msikubali kuwa wageni wa kudumu. Nyumba ya mtu binafsi kwa ibada kuu siipendekezi. Mwenye nyumba akigombana na mmoja wenu, ugomvi umekuwa wa kanisa.

Popote mtakapochagua, kaeni hapo angalau miezi mitatu. Usharika unaohamahama kila Jumapili huacha nyuma wasio na simu.

Hatua ya 5: Wiki ibebwe na jumuiya

Jengo lilikuwa linafanya kazi ambazo hamkuwa mkiziona: watu walikutana pale Jumatano, wakaachiana ujumbe, wakajua nani hakuja. Kazi hizo sasa zihamie kwenye jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa mkazo wa uchungaji tangu miaka ya 1970; Walutheri na Waanglikana wana mitaa na sala zao za nyumba kwa nyumba. Chombo mnacho, kinahitaji kukazwa tu.

Kila jumuiya iwe na kaya kumi hadi kumi na tano, zinazofikika kwa miguu bila kuvuka mto wakati wa mvua. Wakutane siku moja isiyobadilika kila wiki, kwa zamu za nyumba. Mwenye zamu asipike. Hili liandikwe na lisomwe, kwa sababu chai na maandazi vikishaanza, mwenye kipato kidogo atakwepa zamu yake, na baada ya hapo atakwepa jumuiya yenyewe. Maji ya kunywa yanatosha.

Mkutano uwe na sala, Neno, na daftari. Kiongozi afungue daftari la hatua ya tatu na kuuliza jina kwa jina: nani alimwona? Jumamosi jioni viongozi wa jumuiya wakutane na mchungaji au katekista kwa nusu saa na kumweleza. Jumapili kwenye matangazo wagonjwa watajwe kwa ruhusa yao.

Hatua ya 6: Watoto, kwaya na vikundi

Watoto hawawezi kusubiri. Mtoto wa miaka saba akikaa mwaka mzima bila Shule ya Jumapili, amepoteza sehemu kubwa ya utoto wake wa kanisani. Wapeni kivuli chao, mkeka wao na mwalimu wao, mita hamsini kutoka ibada kuu ili sauti zisigongane. Mafundisho ya kipaimara yaendelee kwa kalenda ileile, na tarehe iliyopangwa na dayosisi isiahirishwe kwa sababu ya jengo. Kipaimara chini ya mwembe ni kipaimara.

Kwaya irudi mazoezini wiki ya kwanza, hata bila kinanda wala spika. Ngoma, kayamba na makofi vilikuwepo kabla ya umeme. Kwaya ikienda kuimba msibani au kwa mgonjwa, kijiji kizima kinajua usharika upo.

Vikundi vya kina mama mara nyingi ndivyo visivyolala hata siku moja, kwa hiyo neno langu kwao ni fupi: msigeuzwe wapishi wa mafundi. Kuwaona wagonjwa na wajane kuendelee kuwa kazi yenu ya kwanza.

Hatua ya 7: Misiba, ndoa na ubatizo

Msiba ndio kipimo. Zamani mwili ulipitishwa kanisani. Sasa ibada yote itafanyika nyumbani kwa marehemu, na mtakuwa mbele ya majirani wa dini zote, ndugu waliotoka mbali, na watani. Amueni mapema nani anabeba turubai, nani viti, nani kitabu cha nyimbo, nani anazungumza na familia kuhusu saa ya maziko. Boksi moja la vitu vya msiba likae tayari kwa mzee mmoja: msalaba, vitambaa, vitabu, taa ya sola. Usharika ukifika msibani umejipanga, waliokuwa wameanza kutawanyika wanarudi bila kuitwa.

Watani wapewe nafasi yao kama desturi ilivyo. Mchungaji mgeni aelezwe mapema, asije akakemea kitu ambacho familia inakitegemea.

Kwa ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Matangazo mnayoyasoma Jumapili tatu yasomwe mahali papya pa ibada, na karatasi ibandikwe panapoonekana. Kitabu cha vyeti kikae chini ya ufunguo kwa mfungisha ndoa, kisizunguke kwenye mifuko ya watu.

Ubatizo uendelee. Beseni safi na maji safi vinatosha, na aliyebatizwa aandikwe siku hiyohiyo. Kwenye vipindi vya namna hii ndipo rejista huachwa mapengo.

Hatua ya 8: Fedha, visanduku viwili na kalenda ya mazao

Tangu mwanzo ziwepo hesabu mbili zisizochanganyika: ya huduma na ya ujenzi. Ya huduma ni posho ya mtumishi, nauli za kuwaona wagonjwa, sukari na unga wa nyumba iliyokwama. Ikimezwa na saruji, usharika utakuwa na jengo zuri la watu wachache. Naenda mbali zaidi: sehemu ya kila mchango wa ujenzi, mtakayokubaliana wenyewe mkutanoni, irudi kwenye huduma. Wapo watakaobisha. Waelezeni kwamba mjane aliyepewa debe la unga mwezi wa pili atakuja kuponda kokoto mwezi wa saba.

Fedha za ujenzi zikae benki kwa jina la usharika, kwa sahihi tatu. Michango ya simu iingie kwenye laini au namba ya malipo ya usharika, isiingie kwenye simu ya mweka hazina hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote, mnamlinda yeye. Kila Jumapili zisomwe sentensi nne: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia nini, kimetumika nini na kwa nani, kimebaki nini. Daftari liwe wazi kwa yeyote anayetaka kuliona baada ya ibada.

Kisha jueni fedha za Kusini zinatoka lini. Ufuta, hasa kwa wenzetu wa Lindi, huuzwa kuanzia katikati ya mwaka. Mbaazi zinafuata. Korosho ndiyo msimu mkubwa, minada ikianza Oktoba na malipo yakiendelea mpaka mwaka mpya. Januari hadi Machi watu wamenunua sare na madaftari, ghala la nyumbani linaisha, na mvua ziko juu. Harambee ya Februari ni kuwaaibisha watu. Wekeni ahadi mwezi wa nane, zikusanyeni Novemba na Desemba, na miezi ya njaa mwombe nguvu za mikono: kufyatua tofali, kuchota mchanga, kusomba mawe.

Sadaka ya mazao ina utaratibu wake. Kuku, mihogo na nazi viuzwe kwa mnada baada ya ibada kama kawaida. Korosho zipelekwe chama cha msingi kwa jina la usharika na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Msikubali kuziuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo huo, kwa haraka ya fedha taslimu; ni kinyume cha taratibu za serikali, na kanisa halipaswi kuwa mlango wa biashara inayomnyonya mkulima yuleyule anayetoa sadaka.

Hatua ya 9: Banda la muda

Kama ujenzi utapita masika moja, jengeni banda. Pwani mna minazi, ezekeni makuti; juu Newala na Tandahimba nyasi ndizo rahisi. Bati zilizookolewa zifunike upande wa madhabahu na wa wazee, matundu yakizibwa kwa lami. Nguzo zichomwe kidogo au zipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa wa huku hawana huruma. Chimbeni nguzo nusu mita au zaidi, na fungeni paa kwenye nguzo kwa waya. Pande ziachwe wazi ili upepo upite. Banda lililozibwa kwa turubai pande zote hubebwa na upepo mzima mzima.

Liwe dogo kidogo kuliko mnavyotaka. Banda zuri mno husababisha watu wazoee.

Hatua ya 10: Ardhi na ujenzi

Wakati watu wanaendelea kukutana, wazee wawili wafuatilie karatasi. Viwanja vingi vya makanisa vilitolewa kwa mdomo na mzee aliyekwishafariki. Andikeni ushahidi wa waliobaki, upelekwe halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya iwaongoze kuhusu hati. Hati isome jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa lenu, kamwe isiwe jina la mchungaji au mzee. Kama mko kando ya barabara kuu au ya mkoa, pimeni kwanza: Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Msijenge tena ndani ya eneo hilo, hata kama jengo la kwanza lilikaa hapo miaka mingi.

Kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri. Kwa fundi, sisitizeni mambo matatu: msingi uinuliwe juu ya njia ya maji na mfereji uzunguke jengo, linta ya zege yenye nondo izunguke kuta zote bila kukatika, na kila kenchi ifungwe kwenye linta kwa nondo au waya mzito uliotangulia kuzamishwa kwenye zege. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu nasi kikatua Msumbiji. Paa lililolazwa tu juu ya ukuta halistahimili hata upepo mdogo kuliko huo. Mbao zitibiwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa.

Mkianza kutumia jengo jipya, hata kabla ya plasta na vioo, rudisheni ufunguo wa shule kwa barua ya shukrani, pakeni rangi madarasa mliyoyatumia, na mwalikeni imamu, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji siku ya kufungua. Siku ya jumuiya isibadilishwe. Kaya zile kumi hadi kumi na tano ziendelee kukutana siku ileile, kwa zamu ileile, na daftari liendelee kufunguliwa na majina kusomwa.